Dibedasa

Tangu asubuhi mnaniandikia neno moja tu, "Dibedasa," mkifuatisha na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Sawa. Yule bwana ameniwahi kusimulia, na kwa ninavyomjua, kwenye masimulizi yake mimi nililia. Sikulia. Yale yalikuwa maji ya uvuguvugu, tutafika huko.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri na dada yangu alikuwa ameniachia wanawe watatu. Runinga walishaichoka, michezo ya ndani ilishaisha, na kochi lilishaanza kutumika kama ukuta wa kurukia. Nikapiga makofi kama mwalimu wa chekechea nikatangaza: leo tunatengeneza vitu vya karatasi. Mjomba fundi!

Boti zilitoka salama. Boti haina ugomvi. Ukijua kukunja kofia ya gazeti umeshafika nusu ya safari. Kwenye ndege ndipo mambo yalipoanza kwenda upande, maana ndege wa kukunja anataka karatasi ya mraba, na A4 ni milimita 210 kwa 297. Unakata, unabaki na utepe wa milimita 87. Watoto watatu, tepe tatu, na kila mmoja anaapa kwamba wa mwenzake ni mpana zaidi. Nikawapimia kwa rula. Wakaishuku rula.

Kuzuia vita, nikasema tepe zote ni za simba: tunazikata vijiti vijiti ziwe manyoya yake ya shingo, tunamtengenezea uso wa manila, pua ya karatasi ya kaki, na simba mwenyewe ni mimi. Hapo nikashangiliwa. Naomba mkumbuke kwamba kuna dakika, hata kama ni chache, nilishangiliwa.

Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji. Siku ya jua ile kitu inashika vizuri tu. Siku ile hewa yenyewe ilikuwa imelowa, na karatasi nazo zimelegea kama nguo iliyoanuliwa mbichi. Nusu saa nzima tunangoja. Nikivaa uso, manyoya yanateleza yanaanguka, moja, jingine, simba anaota kipara huku tunamwangalia. Kisha ikadondoka pua. Kitindamimba akaanza kukunja mdomo, ile dalili ya kilio ambayo kila mlezi anaijua.

Ndipo nikaikumbuka supagluu iliyokuwa juu ya kabati.

Mnaonijua mmeshaanza kushika vichwa. Ngojeni kwanza, maana nilikuwa na hekima zangu. Watoto nikawaambia wasogee nyuma, wasiiguse, ile ni ya watu wazima. Wakasogea. Mtu mzima akabaki nayo.

Kosa la kwanza ni kwamba sikuvua uso. Nilitaka kuuvua, kitindamimba akanikataza kwa ukali: "Simba havui uso!" Kweli, simba havui uso. Kwa hiyo nikapaka tone moja nyuma ya ile pua ya kaki, nikaipandisha mahali pake, yaani juu ya tundu tulilokata ili mjomba apumue, na chini ya tundu hilo ikiwepo pua yangu halisi, yenye jasho. Nikaibana kwa kidole gumba na cha shahada ishike umbo.

Kosa la pili ni kuhesabu. Nilisema tutabana mpaka 10. Watoto wakahesabu kwa sauti, kwa pamoja, kwa furaha: moja, mbili, tatu. Kwenye nne nilisikia ubaridi kwenye ncha ya pua. Nikajisemea ni karatasi tu, ina unyevu. Kwenye sita ubaridi ukageuka ujotojoto. Kwenye nane ngozi ikawa inavutwa kwa ndani, taratibu, kama vile mtu anaifunga kwa kamba nyembamba. Tukafika 10, lakini kitindamimba anapofika 10 huwa anarudi saba, hajui kwa nini, na wenzake wakamfuata kwa kumfanyia mzaha. Saba tena. Nane tena. Nami nimebana, natabasamu ndani ya simba, nangoja watoto wamalize hesabu.

Nilipovuta vidole, pua ikaja navyo.

Nikavuta tena, polepole, kama mtu asiyetaka kuwashtua majirani. Uso wote wa simba ukanyanyuka, na uso wangu ukaufuata. Baadaye nimekuja kujua kwamba supagluu haikauki kama uji wa unga unavyokauka; unyevu ndio unaoigandisha. Kwa hiyo mvua, karatasi mbichi na jasho la pua yangu ni karamu niliyoiandalia mwenyewe.

Nikataka kuwaambia watoto kwa utulivu, "Nimenasa." Sasa wewe hapo ulipo, bana pua yako kwa vidole viwili useme nimenasa. Umeona? Ndiyo hiyo Dibedasa yenu.

Wakaanguka chini. Sikuwahi kuchekwa namna ile na watu wasiofika kiunoni kwangu. Nikajikaza, nikaagiza maji ya moto. Likatoka, "Baji ya boto!" Mkubwa akauliza baji ndiyo nini. Wa kati akadhani ni mchezo, akawa ananijibu, "Boto ya baji!" Kitindamimba, mtiifu kuliko wote, akakimbia akarudi na boti yake ya karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikaipokea kwa mkono uliobaki. Ningefanyaje?

Mkubwa akapata akili ya kuleta pamba. Jamani, pamba na supagluu mbichi visikutane. Iliyokuwa imenitambaa mpaka kwenye kiganja ilipogusana na ile pamba ikapata joto la ghafla, nikaruka nikiwa bado nimejibana pua, boti ikakanyagwa, kilio kikaanza. Si changu!

Katikati ya hayo nikasikia, "Hodi!"

Angalieni bahati yangu. Lugha nzima imejaa *n* na *m*. Ningesema "ngoja," ningesema "nani," angeshtuka, pengine angeondoka zake. Lakini mdomo wangu ukajibu kwa mazoea, "Karibu!" Neno zima halipiti puani hata kidogo. Likatoka safi, la ukarimu, yule bwana akaingia.

Alikuwa amekuja kujikinga mvua. Akasimama mlangoni anachuruzika, ananitazama: nusu simba, nusu kipara, vidole puani, pamba kiganjani, mtoto analilia boti. Watoto wakamwamkia kwa adabu zote. Akaitika marahaba huku mkono unatafuta simu mfukoni. Hakuuliza nimepatwa na nini. Alipiga picha kwanza.

Yaliyobaki ni mafupi. Maji ya uvuguvugu na sabuni, pua ndani ya bakuli karibu dakika ishirini, kisha kuviringisha ngozi kidogo kidogo bila kuvuta. Karatasi ikalainika, vidole vikaachia, kile kipande cha kaki kikabaki kwenye ncha ya pua siku mbili. Kazini nilisema ni chunusi. Dada alipowafuata wanawe akauliza mmefanya nini leo, wakajibana pua wote watatu, wakamjibu kwa pamoja.

Jana nimempigia yule bwana nikamwomba, kwa heshima ya urafiki wetu wote, aifute ile picha. Akanyamaza kidogo. Kisha nikasikia anavuta pumzi, anajibana pua.

"Dibefuta."