Charlotte alikosa nini?

Jamani, hawa mashujaa "wasichana wa kawaida" wamenichosha. Chukua Rubinrot, riwaya ya vijana ya Kerstin Gier iliyotoka Ujerumani mwaka 2009. Hadithi iko London. Familia inaamini Charlotte ndiye aliyerithi uwezo wa kusafiri kwenda zamani, uwezo unaoendana na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo amefundishwa tangu utotoni: kupigana kwa upanga, dansi za kale, lugha, historia. Halafu safari za kurudi karne zilizopita zinamwangukia Gwendolyn, mtoto wa mama yake mdogo, miaka 16, ambaye hajaandaliwa hata kidogo. Kisa? Mama yake Gwendolyn alidanganya tarehe ya kuzaliwa ya binti yake. Siku moja tu!

Sawa, damu haichagui. Ila mbona Charlotte anapewa maringo na roho mbaya, kana kwamba tunakatazwa kumhurumia? Mtoto amekosa utoto, kaporwa kazi, na Gideon, kijana msafiri aliyefundishwa pamoja naye, kahamia kwa Gwendolyn. Nani asingenuna? (Mimi ningevunja vyombo.) Na wazee wa chama cha siri kinachosimamia safari hizo wanamficha Gwendolyn kila kitu, kisha wanalalamika hajui kitu! Mniandikie riwaya ya Charlotte, nailipia leo.