Mtoto wa kaka ameniomba bunduki ya upepo

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Muheza, Tanzania. "Shikamoo shangazi. Ukija Desemba niletee bunduki ya upepo, nasikia huko zinauzwa dukani tu." Ana miaka kumi na minne. Bado sijamjibu, kwa sababu nusu ya jibu ni ya baba yake kumwambia, si yangu.

Alichosikia ni kweli kwa Uingereza na Wales. Ukishatimiza miaka 18 unakwenda kwa muuzaji aliyesajiliwa, unaonyesha kitambulisho, unaondoka na bunduki yako, mradi nguvu ya kurusha kirisasi, kwa kipimo cha futi-pauni, haizidi 12, au 6 ikiwa ni bastola ya upepo. Leseni haitakiwi. Mimi naishi Glasgow, na huku Uskoti mambo ni mengine. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, kukaa na bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi joule 1 (kipimo kingine cha nguvu hiyo) bila cheti cha polisi ni kosa, na kifungo chake chaweza kufika miaka miwili. Bunduki iliyo halali Carlisle, upande wa Uingereza, ukiivusha mpaka hadi Gretna, upande wa Uskoti, bila kibali, safari ya robo saa kwa gari, umeshavunja sheria.

Chanzo chake watu wa Glasgow hawajakisahau. Mwaka 2005, mashariki mwa jiji hili, mtoto wa miaka miwili alipigwa kichwani na kirisasi cha bunduki ya upepo, akafa. Wazazi wake walidai sheria ibadilishwe kwa miaka mingi. Bunge la Uskoti halikuwa na mamlaka juu ya jambo hilo mpaka lilipopewa mwaka 2012, na sheria yenyewe ikapitishwa 2015. Kumbuka kwamba hawa ni watu waliokwisha kulia Dunblane, mji wa Uskoti ambako mwaka 1996 mtu mwenye bastola aliwaua shuleni watoto 16 na mwalimu wao. Baada ya msiba ule bastola za baruti zilipigwa marufuku. Bunduki ya upepo ikaachwa, kana kwamba ni kitu cha kuchezea.

Sisi Muheza nasi tuliiona hivyo hivyo. Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja mwenye bunduki ya upepo, ya kufukuzia ngedere kwenye mahindi. Vijana walimwazima kama wanavyoazima jembe. Siku moja kaka yangu, naye akiwa wa umri huu huu wa mwanawe, alimlenga tetere kwenye mwembe. Kile kirisasi kiligonga tawi, kikageuka, kikampiga rafiki yake aliyekuwa amesimama pembeni akiokota maembe. Jicho la kushoto likaenda. Wazee walikaa, tukaomba radhi, baba akauza ng'ombe kulipia matibabu, na kwa kweli familia ile ilitusamehe. Lakini hakuna aliyeuliza bunduki ni ya nani na kwa nini ilifika mikononi mwa mtoto. Ilirudi kwa mwenyewe, na baada ya mavuno vijana wakaanza kuiazima tena.

Ndiyo maana nasimama na Uskoti katika hili. Hoja za wapinzani nazijua. Serikali ilipokusanya maoni kabla ya sheria, wengi mno wa walioandika walipinga. Walisema makosa ya bunduki za upepo yalikuwa yameshaanza kushuka yenyewe, na hilo ni kweli. Walisema mhalifu haendi polisi kuomba cheti, na hilo nalo ni kweli. Lakini kaka yangu hakuwa mhalifu. Wala yule mzee hakuwa mhalifu. Sheria ya namna hii inawalenga watu wema wasiofikiri kwamba wameshika kitu cha kuua, na hao ndio wengi. Polisi wa Uskoti walipowaita watu wasalimishe silaha hizo mwaka 2016, zaidi ya 11,000 zilirudishwa. Nyingi bila shaka zilikuwa zimekaa stoo na darini miaka na miaka, mahali ambapo mtoto yeyote angezifikia.

Hata hivyo siungi mkono kuihesabu sawa na bunduki ya baruti. Uskoti yenyewe haikufanya hivyo. Ilitengeneza cheti cha peke yake, chepesi zaidi, cha miaka mitano. Polisi wanataka kujua kama unafaa kuaminiwa na unaitakia nini. Mkulima anayeua sungura waharibifu anapata, mwanachama wa klabu ya shabaha anapata. Anayetaka kulenga makopo kwenye kibustani cha nyumba ya mjini atapata taabu kuwaridhisha.

Swali hilo la "unaitakia nini" ndilo ninalolitamani nyumbani. Anayeomba kumiliki silaha ya moto Tanzania huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, kwa watu wanaomjua: anakunywa kiasi gani, anagombana na nani, ana watoto wangapi ndani. Huku polisi wanalazimika kuyachunguza hayo kwa karatasi, kwa sababu jirani hamjui jirani. Sisi mwenyekiti anayajua tangu zamani. Kama yule mzee wetu angeitwa siku moja tu mbele ya mwenyekiti, akaambiwa bunduki hii iko kwa jina lako, ifungie, usimpe mtoto, naamini asingemwazima mtu. Alikuwa mtu mwenye kusikia.

Rafiki yake kaka anauza machungwa pale stendi, na mtoto wa kaka anamwamkia kila siku akienda shule. Anajua tu kwamba yule muuza machungwa ana jicho moja. Jana nilimpigia kaka nikamwambia mwanawe ameniomba nini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atakaa naye Jumapili wakitoka shamba. Nitampigia mtoto Jumapili usiku.