Foleni ya Kibanda cha Muvi

Jirani na kituo cha daladala ninaposhukia jioni kuna kibanda cha muvi. Meza moja, kompyuta iliyopasuka kioo pembeni, orodha ya filamu imebandikwa ukutani kwa selotepu. Unampa kijana flashi, unamtajia tamthilia, anakuwekea msimu mzima kwa bei ya soda. Walioigiza hawaambulii hata senti.

Kila ninaposikia kwamba soko la filamu mtandaoni halikui kwetu kwa sababu Watanzania hatupendi kulipia, nakikumbuka kibanda kile. Watu wanapanga foleni pale, pesa mkononi. Soko lipo, ila pesa inaishia njiani.

Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Ingesimamiwa kwa ukali, foleni ile ingemfikia mtengenezaji. Ukali tuliouona ulielekezwa kwake yeye. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka anayeomba leseni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Kijana anayerekodi vichekesho kwa simu ya kuazima atazitoa wapi, na hajapata mtazamaji hata mmoja? Mwaka 2022 kanuni zililegezwa, na nilifurahi sana. Lakini miaka minne ni mingi kwa sanaa inayoanza. Wapo waliokata tamaa na hawakurudi.

Sisemi Serikali ikae pembeni. Aprili 2021 bei za bando zilipopanda ghafla, watu walipiga kelele na bei mpya zikasitishwa haraka. Hapo mkono wa Serikali ulimsaidia mtazamaji, na pengine wachache waligundua kwamba ulimsaidia msanii pia. Filamu ya saa mbili inaweza kula zaidi ya GB 1. Bando likiwa ghali kuliko flashi, hakuna jukwaa litakaloshindana na kile kibanda.

Kwa hiyo naomba mambo mawili: ada itozwe kwenye mapato, si mlangoni, na vibanda vile visivunjwe, viingizwe kwenye mfumo wa malipo ya wasanii. Yule kijana anajua tamthilia ipi inasubiriwa Jumatatu na ipi watu wameichoka, na wateja wake anawajua kwa majina. Leo hii hakuna wakala bora wa filamu zetu kuliko yeye, na hajawahi kuulizwa.