Namba A Inakula Kikoba

Kila Jumamosi asubuhi tukishamaliza jumuiya, tunabaki kwa kikoba. Nanunua hisa zangu tatu, elfu kumi kumi, kitabu kinagongwa muhuri, nimekaa pale kama mtu mwenye mipango. Na mipango ninayo. Kwenye lengo la akiba niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KUBADILISHA GARI. Jumatatu narudi kwa katibu yuleyule kuomba mkopo wa dharura. Ananiuliza sababu, naangalia chini. "Gari," namwambia. Anaandika. Kwa hiyo ukikifungua kitabu changu, ukurasa wa kushoto naweka hela ili niachane na gari, wa kulia nazitoa ili liendelee kuishi. Mwenyekiti alishatamka mbele ya watu kwamba mwanachama ni Corolla, mimi ni mdhamini wake tu.

Lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, namba A, yaani herufi za usajili kwenye kibao zinaanzia A, za kale. Hapa Moshi ukimwambia mtu gari lako ni namba A haulizi zaidi, anakupa pole. Kazini wenzangu wako D, mhasibu kaingia E juzi juzi na bado hajatoa nailoni kwenye viti. Mimi geji ya mafuta imekwama nusu, ujaze usijaze, kwa hiyo naendesha kwa imani. Kishikio cha kupandishia vioo kimebaki kimoja; mvua ikianza kinapitishwa mlango hadi mlango kama kapu la sadaka. Mlango wa nyuma kushoto unafunguliwa kwa kuvuta kamba ya katani.

Na linatoa moshi. Huo utani msijisumbue nao, nimeshaambiwa na trafiki, na makonda wa Hiace, na watoto wa shule wanaokwenda kwa miguu wakanipita: gari la Moshi lazima litoe moshi. Chekeni mmalize. Fundi wangu alinifundisha kuusoma. Wa bluu, linachoma oili. Mweusi, linachoma petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usiokatika, maji yanaingia kwenye silinda, kaskiti ndiyo basi. Mei 2025, wiki ileile makardinali wamejifungia Roma, likanitolea mweupe pale mnara wa saa, mchana kweupe. Mwenye bajaji pembeni yangu akachungulia: "Mangi, tumepata Papa?"

Basi usiku watoto wakilala nafungua kwenye simu kikokotoo cha ushuru wa magari cha TRA, wale wa mapato. Nimekibonyeza mara nyingi kuliko punje za rozari. Nachagua IST, kale kagari kadogo ka Toyota, maana kwa mshahara wangu hata ndoto ina kikomo. Ushuru wa forodha asilimia 25. VAT 18. Ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini. Halafu unakuja ushuru wa uchakavu: likiwa na miaka 8 hadi 10 unaongeza asilimia 15, likizidi 10 unaongeza 30. Yaani ukitaka lenye umri mdogo, Mjapani anakukamua kulekule kwao. Ukitaka la zamani la bei poa, bandarini Dar wanakusubiri na mfuko wazi. Na kinachoniuma mimi ni hilo neno uchakavu. Kumbe uchakavu una bei! Mimi ninao umepaki hapa nje, chini ya mwarobaini, mwingi tu, na hakuna anayeulizia.

Sasa mama watoto ni mtu wa daftari. Ana daftari la shule, kaweka jalada la gazeti, kila senti iliyoingia kwenye lile gari imo. Jioni moja akaniita mezani.

"Baba Neema, mwaka jana gari limekula milioni moja na laki nne."

Nikafurahi, nikajua leo tumeelewana, hukumu inasomwa.

"Hiyo IST yako mpaka isimame hapa uani ni milioni kumi na nne. Gawa."

Nikagawa.

"Umepata ngapi?"

"Kumi."

"Basi hilo lina miaka kumi ya kukuaibisha kabla halijafika bei ya hiyo nzuri. Na hiyo nzuri hutaiwekea bima ndogo ya laki moja na elfu kumi na nane kama hilo. Utataka bima kubwa, nakujua."

Akafunga daftari, akaenda kugeuza ndizi jikoni. Nikabaki na kalamu. Hesabu imekataa kukosea. Nimeirudia kwa simu, nimeirudia kwa mkono, gari bovu ni nafuu. Ila kuna safu moja hakuichora kwenye lile daftari, safu ya tarehe. Gari zima linakula kwa ratiba: oili leo, plagi mwezi ujao. Langu linakula kwa kuvizia. Altaneta ilikata Januari, ada mkononi. Rejeta ilitoboka natoka msibani Uru, nimeshachanga mpaka nauli ya akiba. Shokapu zilikufa pamoja, kushoto na kulia, kama wapenzi, wiki ya kipaimara cha mtoto. Halijawahi kuharibika tarehe 27, mshahara umeingia, hata siku moja.

Mwaka 2017 serikali ilipofuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta, nilishangilia, nikaona nimeponyoka. Nilisahau ninachoendesha. Hili linavyokunywa, kama mgeni wa mwisho kuondoka sherehe, nadhani nimeshalipia kipande kizuri tu cha barabara ya Kibosho.

Kipande hichohicho linachoshindwa kupanda.

Njoo Desemba uone. Barabara nzima imejaa ndugu zetu kutoka Dar, V8 zinanyanyua vumbi, Crown zinapiga honi, kila mtu anapandisha nyumbani kwao kuchinja. Katikati ya msafara huo nimo mimi: mke mbele na keki mapajani, watoto wawili, mama mkwe, na mkungu wa ndizi wa kununua sokoni. Kwani kule Kibosho ndizi hakuna? Usiniulize mimi, muulize aliyeununua, ameshika keki. Tukifika ile kona baada ya shamba la kahawa, gia namba moja, injini inalia, mshale wa joto unakwenda kule ambako haurudi. Zamani nilikuwa natafuta maneno ya heshima ya kumwambia mama mkwe ashuke. Siku hizi namwona kwenye kioo anajifunga kitenge vizuri, anavuta kamba ya katani, anashuka mwenyewe kabla sijasimama. Mtoto mdogo anajua kazi yake, anatoa jiwe kwenye buti na kulisukumia nyuma ya tairi. Mkubwa anatoa dumu la maji. Hakuna anayezungumza. Mama mkwe anatangulia kwa miguu, taratibu, na amini usiamini, sikuwahi kumkuta njiani. Kila mara namkuta ameshafika, ameshakalishwa, ana mbege mkononi, ananiambia, "Pole na safari, mwanangu."

Mwaka huu nikasema basi. Nikamwita dalali. Kijana wa raba nyeupe, akalizunguka gari mara mbili mikono mfukoni, kisha akaanza kugonga bodi kwa kidole, sikio karibu, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Puti," akasema. Akagonga kwingine. "Puti." Mlangoni akagonga, akatabasamu: "Huku mzee umebahatisha, bati." Akasema milioni moja na nusu, na hapo ananionea huruma, maana namba A ananunua vyuma. Vyuma! Gari lililowapeleka watoto wangu wote kubatizwa! Nikamjibu hili injini yake haijawahi kufunguliwa (uongo, imefunguliwa mara tatu), kwamba Corolla kama hii hazitengenezwi tena, kwamba viti ni vya asili. Nilivyolitetea, mama watoto akatoka jikoni kusikiliza. Dalali alipoondoka akaniuliza, "Kwani tulikuwa tunauza au tunanunua?"

Kesho yake likakataa kuwaka. Nadhani lilisikia.

Likavutwa kwa kamba mpaka gereji, Pasua. Fundi wangu akafunua boneti, akakaa kimya ule ukimya wao wa laki mbili. Kisha akasema niliache, atanirudisha nyumbani yeye. Nikategemea pikipiki. Akatoa funguo, akabonyeza, nyuma ya ukuta kitu kikalia *pip pip*. IST. Ya fedha. Namba E. Hata zile nailoni za viti bado hajazitoa. Amenunua lini huyu?

Nikaingia. Mlango ukajifunga kwa mlio mmoja laini, kama mtu kafunga friji. Kiyoyozi. Geji ya mafuta inasogea! Tulipita mnara wa saa mimi nimenyamaza, napiga hesabu: kaskiti, altaneta, rejeta, shokapu mbili, stata mara mbili. Nikijumlisha na injini ile ya mwaka juzi, kwa kukadiria tu, kuanzia kiti changu mpaka taa za mbele ni zangu.

"Mangi," nikamwambia, "hivi lile langu nisiliuze tu?"

Alikanyaga breki kidogo, akanigeukia, nikaona kabisa ameshtuka.

"Usiuze, kaka. Lile gari bado zima."