Parole ya kwenda kumzika baba

Mama aliponipigia simu mara ya tatu kuuliza mbona bado sijakata tikiti, nilimjibu bila kufikiri: "Mama, nasubiri parole." Simu ikanyamaza. Nikadhani mtandao umepotea, maana kwetu Njoro mvua ikinyesha mtandao nao huenda zake. Kisha nikasikia kilio. "Mwanangu, walikufunga lini na usiniambie?"

Baba alikuwa mochari mjini Nakuru siku ya nne, kamati ya mazishi imeshakaa, na sasa mjane wa juzi analia kilio cha pili, cha binti aliyefungwa ng'ambo. Sikuwa nimefungwa. Nilikuwa nimepeleka maombi ya ukaazi wa kudumu, na sheria ya Marekani inasema ukitoka nchini kabla hayajajibiwa, tena bila kibali, unahesabiwa umeyatupa. Kibali hicho ndicho kinachoitwa parole, jina lilelile la mfungwa anayetolewa kabla kifungo chake hakijaisha. Msiba ukitokea unaweza kukiomba kwa dharura, na uthibitisho wa kifo mkononi. Nilikipata, nikamzika baba.

Niliporudi, uwanja wa ndege wa Boston walinitenga na wenzangu, wakaniketisha chumba cha pembeni, karatasi ikagongwa muhuri wenye neno hilohilo. Mwanasheria alishanieleza maana yake: aliyeingia kwa parole miguu yake iko Marekani, lakini machoni pa sheria bado amesimama mlangoni. Mlango huo umo katika sheria ya uhamiaji ya 1952, na ndio uliopitisha Wahungaria waliokimbia mwaka 1956, Wavietnamu mwaka 1975, na Waukraine mwaka 2022. Unaishi, unafanya kazi, unalipa kodi, lakini hujaambiwa karibu.

Parole ni Kifaransa, maana yake "neno". Zamani ofisa wa jeshi akitekwa vitani aliweza kuachiliwa kwa neno lake la heshima tu, kwamba hatashika tena silaha dhidi ya waliomteka. Asili ya mbali ni Kilatini, mzizi mmoja na "parable", jina ambalo Waingereza wanaitia mifano ya Yesu. Wanaisimu nao wanalo: Ferdinand de Saussure aliliita parole lile linalotoka kinywani mwa mtu, tofauti na lugha kama mfumo wa watu wote. Kwa wafungwa, wazo lenyewe lilianzia kisiwani. Mwaka 1840 Alexander Maconochie alipewa kusimamia wafungwa wa Norfolk Island, huko mbele ya Australia, akaanza kuwapa alama kwa kazi na mwenendo. Ukijaza alama zako, unasogea karibu na uhuru. Walter Crofton akaupeleka mtindo huo Ireland, na mwaka 1876 Zebulon Brockway akafungua nao gereza la Elmira, jimbo la New York. Kwa hiyo tangu mwanzo parole imekuwa na watu wawili ndani yake: anayetoa neno, na anayelipokea.

Nyumbani watu huchanganya mambo manne, na sishangai, maana hata mimi nilichanganya. Dhamana ni kabla ya hukumu. Probesheni, kile tunachokiita kifungo cha nje, ni badala ya jela. Msamaha wa Rais unafuta au unapunguza adhabu. Parole si mojawapo ya hayo. Mtu ameshakaa ndani, kifungo hakijaisha, ila sehemu iliyobaki anaimalizia uraiani chini ya macho ya serikali. Bado ni mfungwa, ukuta tu ndio haupo.

Aliyenifundisha hili si kitabu. Nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya tumejazana mpaka sukuma wiki tunapata. Kwenye chumba cha kufulia kuna mzee Mmarekani mweusi, mpole, anayekunja mashuka kwa pembe nne kama anakunja bendera. Miezi ya kwanza nilimwona akikaa karibu na soketi ya ukutani kila zamu, mguu mmoja mbele, waya umeingia chini ya suruali. Nilidhani anachaji simu. Alikuwa anachaji kikuku cha kifundoni, kinachoonyesha alipo. Betri ikiisha, kengele hulia ofisini kwa afisa wake wa parole, na yeye ndiye wa kujieleza.

Alimuua mtu akiwa kijana, hilo hakulificha. Alihukumiwa maisha, lakini maisha ya daraja la pili, ambayo wakati ule katika jimbo hili ilimpa mfungwa haki ya kusikilizwa baada ya miaka 15. Akasikilizwa, akakataliwa, akaambiwa arudi baada ya miaka mitano. Akarudi. Kikao cha mfungwa wa maisha hapa kiko wazi kwa umma, na familia ya marehemu ina haki ya kuja kusema. Dada wa marehemu alikuja mara zote mbili. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili, mzee aliniambia, alizungumza kuhusu kaka yake tu, alipenda nini, alicheka vipi, kisha akakaa. Bodi ya parole haikuanza kwa kuuliza kama amebadilika. Ilianza kwa kumwambia aeleze usiku ule wote, dakika kwa dakika, dada yule akisikia. Ndipo yakafuata mengine: masomo aliyosoma ndani, atalala wapi, nani atampa kazi.

Yuko nje, na atakuwa chini ya uangalizi mpaka afe. Hanywi. Nyumba yake hupekuliwa. Hatoki nje ya jimbo bila ruhusa. Mama yake alipofariki South Carolina, aliomba karatasi ya kusafiri kama mimi nilivyoomba yangu, na alinionyesha aliporudi: aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa shati, upande wa moyo. Nilitoa yangu kwenye mkoba. Tulikaa juu ya mabunda ya mashuka, watu wawili waliozika wazazi wao kwa parole.

Simwagii sifa mfumo huu. Kosa dogo, kama kuchelewa miadi au kuhama nyumba bila kusema, linaweza kumrudisha mtu ndani bila kuvunja sheria yoyote ambayo mimi na wewe tungeshtakiwa nayo. Mpaka mwaka 1972 hata haki ya kusikilizwa kabla ya kurudishwa haikuwa imethibitishwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyoilazimisha. Na si kila mahali pana parole. Serikali ya shirikisho iliifuta kwa makosa yaliyotendwa kuanzia tarehe 1 Novemba 1987, na majimbo kadhaa yakafuata njia hiyo. Watu wamezeekea gerezani kwa sababu ya jimbo walilokosea. Hilo ni dhuluma, na nalisema hivyo.

Sasa turudi nyumbani. Kenya hatuna bodi ya namna hiyo inayomketisha mfungwa na kumuuliza. Tuna hesabu. Sheria ya Magereza inampa mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa kazi na mwenendo mwema. Na si kwamba huichuma kidogo kidogo. Siku anayoingia, theluthi yote huandikwa kuwa yake, na huipoteza tu akifanya utundu. Aliyefungwa miaka 9 atatoka baada ya 6. Ni sheria nzuri kwa upande mmoja: haihitaji mtu mkubwa wala kitu kidogo. Kwa makosa madogo, tangu 1998 tuna amri za huduma kwa jamii, na kila mtu ameona mtu akifyeka nyasi kwa chifu au akifagia soko badala ya kulala GK, yaani jela. Hiyo nayo naipenda.

Lakini hesabu haina masikio. Jirani yetu mmoja kule Njoro alimkata mwenzake panga la mkono kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Alipata miaka 9. Akatoka baada ya 6, Jumanne moja, siku ya kawaida, akashuka matatu stejini na mfuko wa nailoni. Hakuna aliyeambiwa. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mke wa yule aliyekatwa, aliyekuwa anauza viazi pale pale. Debe likamwagika. Watu wanasimulia tukio hilo mpaka leo jinsi viazi vilivyotapakaa barabarani na hakuna aliyeinama kuviokota. Yule bwana alikuwa amemaliza kifungo chake kihalali kabisa. Ila kwa miaka 6 yote hakuna aliyewahi kumketisha mbele ya mtu yule, au hata mbele ya mkewe, amwambie neno.

Na kuna wale wasio na hesabu. Punguzo la theluthi haliwagusi waliofungwa maisha. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji, na magerezani watu wakaanza kupata matumaini. Marais wamekuwa wakibadilisha hukumu za kifo kuwa za maisha kwa wingi: Kibaki mwaka 2009, Uhuru mwaka 2016, Ruto mwaka 2023. Lakini maisha maana yake nini? Desemba 2023 majaji wa Rufaa waliokaa Kisumu walisema iwe miaka 30. Wenzao wa Malindi katika kesi nyingine mwaka huohuo walikuwa wamesema kifungo cha maisha kinavunja Katiba, wakampa mfungwa miaka 40. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikautengua ule uamuzi wa Malindi. Hebu jiweke mahali pa mtu aliye ndani ya gereza la Naivasha au Kodiaga, akisikia redioni maisha yake yana miaka 40, kisha 30, kisha hayana mwisho tena. Mlango uliobaki ni msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba. Kamati inayomshauri Rais, kifungu hicho kinasema, inaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Inaweza. Neno hilo moja lingebadilishwa tu likawa "lazima".

Wenzetu Watanzania wana sheria ya Bodi za Parole tangu 1994, na neno lenyewe wanalitumia kwa Kiswahili bila shida: mfungwa wa parole, Bodi ya Taifa ya Parole. Marehemu Augustine Mrema, mwanasiasa wa huko, aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hili ni jambo la Wazungu lisilowezekana Afrika Mashariki.

Ninachotaka mimi si kikuku cha betri. Stima yenyewe Njoro hupotea, huyo mtu angerudishwa jela kila wiki. Nataka kikao. Kwetu hatuna upungufu wa vikao: ng'ombe akila mahindi ya jirani tunakaa, msichana akipata mimba tunakaa, mtu akifa tunakaa siku saba. Mwaka wa mwisho wa kifungo, afisa wa probesheni aje kijijini kwa ajili ya jambo hilo, akae na chifu, wazee wa nyumba kumi, familia ya mkosaji na familia ya mkosewa. Mfungwa aletwe. Aseme alichofanya. Wasikilizaji nao waseme. Kisha ikiwa atatoka, atoke akiwa ametoa neno kwa watu wanaomjua jina, na ambao atakutana nao stejini. Marekani wana bodi, lakini yule mzee wa mashuka alitoa neno lake kwa watu saba ambao hatawaona tena. Dada wa marehemu peke yake ndiye aliyekuwa na sura. Sisi tunazo sura zote. Tumekosa kuziweka kwenye sheria.

Siku tulipomzika baba, yule bwana wa panga alikuja. Alisaidia kuchimba kaburi alfajiri, na hema lilipojaa akatoka, akasimama nje ya ua wa michongoma, kwa sababu yule aliyekatwa alikuwa amekaa safu ya pili, mkono uliokauka umelala pajani. Ibada ikaisha. Nilipompelekea chai na mkate kule uani, aliniuliza kama ni kweli huko ninakoishi wafungwa huhojiwa kabla ya kutoka.

"Ni kweli."

"Wanawauliza nini?"

Nikamwambia huanza na siku yenyewe. Ulifanya nini, ulimfanyia nani.

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akiangalia hemani. "Mimi hakuna aliyeniuliza," akasema. "Ningemwambia."