Imeji za ofisi hazikai kwenye akaunti ya mfanyakazi

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa mifumo hapa Dar, bosi wa kampuni moja ndogo ya usambazaji alituma ujumbe wa sauti. Anamtafuta kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Hakuanza kwa kusema ana shida, alianza kwa kumwita mwizi. "Amenifungia mfumo wangu," alisema, na kabla hajamaliza akataja polisi. Niliusikiliza ujumbe ule hadi mwisho, na hasira niliyoipata haijaisha, ndiyo maana naandika.

Kilichotokea ni kitu ambacho wengi wenu mmekiona. Seva yao ya zamani ilikufa. Fundi mpya akakodi nyingine, akaweka Docker (programu ya kuwasha mifumo iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji), akalichukua faili la compose (orodha ya sehemu za mfumo na namna ya kuziwasha) kwenye chelezo, akawasha. Hifadhidata ikaja. Nginx na Redis, programu za kuusaidia mfumo, zikaja. Mfumo wenyewe, ule wa kutoa ankara na kuhesabu stoo, ukagoma. Docker ikajibu kwamba imenyimwa ruhusa ya kushusha imeji (kifurushi cha mfumo kilicho tayari kuwashwa), kwamba repo hiyo (sehemu inakohifadhiwa imeji mtandaoni) haipo au pengine inakutaka uingie kwanza kwa akaunti. Jibu hilo linayafunga mambo mawili pamoja kwa makusudi, ili mtu wa nje asiweze kujua kama repo ya siri ipo au haipo. Fundi wa watu akakesha akibahatisha nywila, kumbe repo yenyewe ilishafutwa.

Ukiutazama mstari wa imeji kwenye lile faili unaona kisa chote: jina la utani la kijana, mkwaju (/), jina la mfumo, halafu :latest, ambayo ni tagi, yaani lebo, ya toleo jipya. Jina la kampuni halimo mahali popote.

Kijana alipopatikana alieleza bila kuficha. Akaunti ya bure ya Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, inakupa repo moja tu ya siri, na nyingine zote zinakaa hadharani. Nafasi ile moja aliihitaji kwa kazi yake mpya, hivyo akasafisha vitu vya zamani. Alifuta kilichokuwa kwenye akaunti yake, aliyoifungua kwa Gmail yake, na ambayo alikuwa akiipandishia imeji kwa bando lake usiku wakati ofisi haina intaneti ya maana. Angeweza kuuliza kabla ya kufuta, hilo nalikubali. Lakini alipoondoka hakuna aliyemuuliza kitu. Alirudisha kitambulisho na kompyuta ya ofisi, akasaini karatasi, basi. Leo anaitwa mwizi mbele ya watu wengi wa fani yake, watu ambao kesho na keshokutwa ndio atakaowaomba kazi.

Nasema wazi: kosa ni la ofisi. Imeji ya mfumo unaoingiza pesa ni mali, na mali ya ofisi inaandikwa kwa jina la ofisi. Hakuna mfanyabiashara hapa mjini atakayejenga godauni kwenye kiwanja chenye hati ya jina la fundi ujenzi, eti kwa sababu fundi ndiye aliyekuwa na muda wa kwenda ardhi siku ile. Kwenye kompyuta tunafanya hivyo kila siku, na tukidhulumika tunamlaumu fundi.

Najua jinsi inavyoanza. Kijana anaambiwa mfumo uwe hewani Jumatatu. Anamwomba bosi akaunti, bosi anauliza akaunti ya nini tena, si tayari mna kompyuta? Kadi ya kampuni ya kulipia vitu vya mtandaoni haipo, na barua pepe ya kampuni nayo ni Gmail ambayo nywila yake anaijua mhasibu peke yake. Kijana anataka kazi iishe. Anaandika docker login, anaingia kwa jina lake, anapandisha. Mfumo unawaka, watu wanashangilia, na kuanzia hapo hakuna anayekumbuka tena kwamba msingi wote uko kwenye akaunti ya mtu mmoja.

Watu wakiongelea akaunti wanafikiria nywila. Mimi naomba wafikirie barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe ndiye anayeambiwa mambo yanapoharibika. Aprili 2019 Docker walitangaza kwamba mtu asiyehusika ameingia kwenye hifadhidata moja ya Hub, na taarifa za akaunti kama 190,000 ziko hatarini: majina ya watumiaji, nywila zilizofichwa kwa hashi, pamoja na tokeni (funguo za kidijitali zinazotumika badala ya nywila) za GitHub na Bitbucket, tovuti za kuhifadhi msimbo wa programu, zilizokuwa zinatumika kujenga imeji zenyewe. Tokeni hizo ndizo zilizokuwa za kuogopwa, maana zinafungua mlango wa msimbo wa programu yako. Waathirika waliandikiwa wabadilishe nywila na waunganishe upya akaunti zao. Sasa niambie, kama akaunti inayobeba mfumo wako ilifunguliwa kwa barua pepe ya mtu aliyeacha kazi, onyo hilo linamfikia nani? Linamfikia yeye, akiwa ofisi nyingine au nchi nyingine, na hana sababu yoyote ya kulifungua.

Machi 2023 yakaja mengine. Tarehe 14 Docker waliziandikia timu zilizokuwa kwenye mpango wa bure wa mashirika kwamba mpango huo unafungwa, wana siku 30 za kulipia au kupoteza huduma. Watunzaji wa programu huria walipiga kelele dunia nzima, Docker wakaomba radhi kwa namna walivyolitangaza jambo lile, na tarehe 24 mwezi huo huo wakaufuta uamuzi wenyewe. Rafiki yangu mmoja hulitumia tukio hili kunipinga kila tunapobishana: unaona, hata ukiwa na akaunti ya shirika wanaweza kukugeuka. Ni kweli, wanaweza. Ila waliopata ile barua walikuwa na siku za kujadiliana, kuhamisha na kupiga kelele. Walipata nafasi hiyo kwa sababu barua ilifika kwenye mikono iliyohusika.

Kuna jambo jingine ambalo mabosi hawaambiwi. Anayemiliki akaunti hafuti tu, anaweza pia kupandisha. Seva yako ikiwa inafuata :latest ya akaunti ya mtu, chochote atakachokiweka pale ndicho kitakachowaka kwako utakaposhusha upya. Wengine wameweka Watchtower, ambayo inachungulia ghala kila baada ya muda na kuwasha imeji mpya yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Kijana mwenyewe anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na wengi wao ni waaminifu. Laptopu yake je, ikiibiwa kwenye daladala? Nywila yake je, ikiwa ndiyo hiyo hiyo anayotumia kwenye tovuti ya kubeti? Usalama wa ankara zako unakuwa umeegemea tabia za mtu ambaye hata mshahara humlipi tena. Kumtwika mzigo huo ni kumwonea, na wewe mwenyewe unakuwa umejiweka pabaya.

Kwetu hapa hali inazidishwa na vikomo. Novemba 2020 Docker Hub ilianza kuhesabu ushushaji: asiyeingia kwa akaunti imeji 100 kwa saa 6 kwa kila anwani ya IP, mwenye akaunti ya bure 200. Ukiwa Ulaya na intaneti yako ya nyumbani unaweza usiione tofauti. Ukiwa umejiunga kwa modemu ya simu, anwani ya IP inayoonekana nje si yako peke yako, mnaigawana na wateja wengine wa mtandao huo ambao huwajui, hivyo unaweza kukuta kikomo kimeisha asubuhi kabla hujashusha hata kitu kimoja. Dawa ya haraka ni kuingia kwa akaunti. Na akaunti iliyo karibu ni ya nani? Ya kijana. Ndivyo jina lake linavyoingia mpaka kwenye seva ya kazi, ndani ya faili la config.json kwenye folda ya .docker, ambako kama hujaweka kitunza siri, nywila inakaa kwa base64. Base64 haifichi kitu. Yeyote mwenye kuingia kwenye seva ile anaifungua kwa amri moja.

Ndiyo maana nywila haipaswi kugusa seva kabisa. Hub inatoa tokeni, na kwenye tokeni unachagua ruhusa: kusoma tu, kusoma na kuandika, au mpaka kufuta. Seva inahitaji kusoma tu. Mtu akiondoka unaifuta tokeni yake, wengine wanaendelea na kazi. Nimeona ofisi yenye watu wazima, wengine wana shahada za uzamili, nywila moja ya ghala imebandikwa juu kwenye kundi la WhatsApp lenye watu waliokwisha kuacha kazi. Hili halihitaji bajeti, linahitaji mtu mmoja akae chini nusu saa.

Hoja ya gharama naijua, na sitaidharau. Mipango ya timu inalipiwa kwa kila mtu kila mwezi, kwa dola, na dola ikipanda hakuna anayekupunguzia. Lakini si lazima uwe Docker Hub. Kufungua akaunti ya shirika GitHub ni bure, na ghala lake, ghcr.io, linakupa anwani yenye jina la kampuni. GitLab wana ghala ndani ya mradi wenyewe. Programu ya kuendesha ghala lako ni huria, inaitwa Distribution, Docker wenyewe waliikabidhi CNCF, taasisi inayolea programu huria, mwaka 2021. Ukitaka yenye kurasa, watumiaji na ruhusa zao, kuna Harbor. Ila ukiweka Harbor kwenye seva ambayo haina chelezo, umehamisha tatizo kutoka kwa kijana kwenda kwenye diski.

Kuhusu :latest kwenye seva ya kazi: acheni. Tagi inahamishika, sha256, ile alama ya kidole ya imeji yenyewe, haihamishiki.

Na zile repo za hadharani, tafadhali zikagueni leo. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, walichambua imeji zaidi ya 337,000 na kukuta asilimia 8.5 zina siri ndani yake, funguo binafsi kwa makumi ya maelfu. Watu wanadhani wakilifuta faili la .env, lenye nywila za mfumo, kwenye mstari wa chini wa Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji) limeondoka. Halijaondoka. Kila mstari wa aina hiyo unaongeza tabaka, na tabaka la chini yake bado limelibeba faili lile vile vile. Andika docker history ukitumia imeji yako mwenyewe uone yaliyobaki, hasa kama ulipitisha nywila kwa agizo la ENV kwenye Dockerfile.

Watu wa kampuni kubwa wasicheke. Mwaka 2025 Broadcom walipotangaza kuhamisha sehemu kubwa ya imeji za Bitnami, ambazo wengi walizitumia kama msingi wa mifumo yao, kwenda kwenye repo ya bitnamilegacy, ambako hazipati masasisho, wapo waliogundua siku hiyo hiyo kwamba mifumo yao imesimama juu ya jina ambalo hawana mamlaka nalo. Imeji za msingi tutaendelea kuzitegemea kwa wengine, hakuna namna. Basi angalau nakala ya ile unayoitumia iwe kwenye ghala lako.

Nirudi kwa mabosi, maana hawa vijana nimefanya nao kazi na nawajua. Wengi wanajilipia bando, wanatumia laptopu zao na kukesha kwa ajili ya mifumo isiyo yao. Kuwafanya wawe pia watunza mali bila mkataba, halafu siku mambo yakiharibika kuwatangaza mwizi kwenye makundi, ni dhuluma. Kama umeshafanya hivyo, mpigie simu umwombe radhi, na radhi hiyo itoe kwenye kundi lile lile ulilomchafulia jina.

Kwa ambaye imeji zake bado ziko kwenye akaunti ya mtu, na mfumo bado unawaka, usiizime seva na usifute chochote ili kupunguza nafasi. Imeji bado iko kwenye diski ya seva hiyo. Itoe kwa amri ya docker save, faili la tar lihifadhiwe sehemu mbili. Fungua akaunti ya shirika kwa barua pepe ya kampuni ambayo watu wawili au zaidi wanaweza kuifungua, na weka uthibitisho wa hatua mbili. Ongea na mwenye akaunti ya zamani kwa heshima, umwombe tokeni ya kusoma, kisha hamisha imeji kwa amri ya skopeo copy (skopeo ni programu ya kunakili imeji kati ya maghala) kutoka kwake kuja kwako. Tagi za nyuma nazo zibebe, maana siku toleo jipya likigoma utahitaji la jana. Docker Hub ina njia pia ya kuigeuza akaunti ya mtu kuwa ya shirika, lakini haina kurudi nyuma, na hilo ni jina lake, hivyo usimwombe. Badilisha mstari wa imeji kwenye compose, jaribu kwenye seva nyingine kabisa ambayo haijawahi kuingia kwa akaunti ya mtu yeyote. Ikiwaka hapo, mwambie kijana yuko huru kufuta, na kama anakudai, mlipe siku hiyo hiyo.