Hakathoni ya Jumamosi, swali la muhula mzima

Mwanafunzi wa hisabati au kompyuta jijini Nairobi hakosi pa kwenda wikendi. Kuna hakathoni, yaani mashindano ya kuunda programu kwa siku moja au mbili, Ngong Road, Westlands au chuoni kwake, na Jumapili jioni anarudi hosteli na fulana mpya, cheti, na programu ya simu ambayo kufikia Alhamisi hakuna anayeifungua tena. Wapo wahadhiri wanaokunja uso: muda huo si angeurudishia somo la matriksi alilolipata kwa kuponea chupuchupu?

Wanaotetea hakathoni nao hawaropoki. Mwajiri hapa mjini haulizi alama tu, anataka kujua umeunda nini, na pamoja na nani. Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, iliandikwa kwa siku chache tu Januari 2008 na watu waliojitolea. Sawa, lakini isingedumu kama hao na wenzao wasingeendelea kuihangaikia kwa miaka. Hata M-Pesa ilikuwa kwenye majaribio tangu 2005, ikilengwa kwa walipaji wa mikopo midogo, hadi ilipozinduliwa Machi 2007. Sehemu hiyo ndefu haimo kwenye hakathoni, na hakuna anayeigawia fulana.

Basi mwanafunzi aache hakathoni afanye utafiti? Chini ya nani? Mhadhiri mwenye darasa la mamia, aliyemaliza mgomo wa 2024 akaingia wa 2025, haongezewi senti kwa kumlea mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye udadisi. Marekani zipo programu za kiangazi zinazompa mwanafunzi wa shahada ya kwanza posho ili atafiti. Wa kwetu likizo hiyo anahangaika na atachimenti (mafunzo ya kazini), mara nyingi bila malipo, na nauli ya kutoka Kayole au Rongai ni yake. Aliye na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, pekee hawezi kujitolea sana, hata awe na kipaji namna gani. Hili nadhani huzungumzwa kidogo mno.

Kuna pia dai kwamba hisabati haitafitiki mapema. Nusu yake naikubali: topolojia inataka miaka. Ila nadharia ya grafu, kombinatoriki na takwimu zina maswali yanayomfaa hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Upande wa kompyuta, jumuiya ya Masakhane inatafiti namna ya kuifanya kompyuta ielewe lugha za Kiafrika bila kudai mtu awe na shahada ya uzamivu, na kijana anayeongea Kikamba na Kiswahili anaona makosa ambayo profesa wa ng'ambo hatayaona. Deep Learning Indaba, kongamano la Afrika la akili mnemba, ilipofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019, utafiti wa aina hiyo ulikuwa umbali wa matatu moja tu.

Mimi ningeanzia penye gharama ndogo: mashindano ya ICPC, ambapo timu za vyuo vikuu hutatua maswali kwa kuandika programu. Watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Kwa kuwa kibodi ni moja, wawili lazima washike kalamu, na hapo ndipo mwanahisabati anapopata heshima yake. (Kwenye hakathoni hupewa kazi ya kutengeneza slaidi.) Anayejua nadharia ya namba huona kwamba swali la kutisha ni la masalio ya mgawanyo tu, mwenzake akaliandika kwa mistari ishirini. Mazoezi hayahitaji mdhamini: maswali ya tovuti ya Codeforces ni ya bure, na chumba kimoja kampasi ya Chiromo kikiachwa wazi jioni kinatosha.

Kasoro yake naiona. Kila swali la ICPC lina jibu ambalo mtunzi tayari analo mfukoni, na kijana anaweza kukariri mbinu mia bila kuwahi kukaa na swali ambalo hakuna anayejua jibu lake. Kwa hilo bado anamhitaji mhadhiri, ingawa si kwa saa nyingi. Asiye na nafasi ya kusimamia watu ishirini anaweza kubandika mlangoni pake swali moja ambalo yeye mwenyewe limemshinda, akaliacha hapo muhula mzima, aone nani atabisha hodi.